Anti-choc ya Mama Musoki

Nimeuza redio na mashine za CD katika soko la Bunia kwa miaka mingi, na nitasema ukweli: wateja wengi hununua kwa macho. Taa nyekundu ikiwaka tu, pesa imetoka. Mtu mmoja ndiye aliyenifundisha kazi yangu mwenyewe, naye alikuwa muuza mandazi.

Tulimwita Mama Musoki. Alikaanga mandazi hatua kumi kutoka meza yangu, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Mimi Abdoul ni Mwislamu, lakini malaika wake niliwahurumia. Mwaka ule wa 2004 majirani tulizoea kumwona akifanya jambo moja: wingu likitanda, anaacha mandazi kwenye mafuta na kukimbia kwake, mtaa wa Bigo. Tulibaki tukimgeuzia, na nusu yake yaliungua.

Sababu ilikuwa mumewe, Tharcisse. Zamani alikuwa dereva wa lori la kwenda Komanda, mtu wa mizaha. Mwaka uliotangulia, vita vilipoingia mjini, alijificha siku mbili chini ya paa la mabati, risasi zikiligonga. Tangu hapo, tone la kwanza la mvua likigonga bati, aliingia chini ya kitanda akitetemeka. Akiwa peke yake alitoka mbio asijue anakokwenda. Mara moja walimkuta karibu kabisa na kizuizi cha wenye silaha. Mama Musoki aliogopa kwamba siku moja mvua itamtangulia kufika nyumbani. Watu wa Bunia wana neno lao kwa hali hiyo, wanasema mtu ana choc, yaani mshtuko.

Asubuhi moja akaja mezani kwangu, mikono bado ina unga.

"Abdoul, minatafuta mashine ya disque, ile ya kuvaa ku masikio. Tharcisse asikie nyimbo, asisikie mvua. Lakini weye unajua, franga iko kidogo."

Nikamtolea mashine ya CD ya kung'aa, yenye redio na rimoti. Hakuigusa.

"Redio ya nini? Redio njo inaleta habari ya vita."

Akataka visikilizio kwanza. Nikampa vile vidogo vya kuchomeka masikioni. Akavivaa, akaenda kusimama kando ya Delphin, fundi wa kutengeneza mbabula, yale majiko ya mkaa, ambaye kutwa nzima hupiga bati kwa nyundo. Akarudi akitikisa kichwa.

"Nyundo inaingia."

Akajaribu vingine, nyundo ikaingia. Soko lote likaanza kumcheka, na Delphin kwa utani akazidi kupiga. Mwishowe nikafukua chini ya meza visikilizio vikubwa vya zamani, vya sponji nene, vibaya kama masikio ya ng'ombe. Alisimama navyo kwa Delphin kwa kitambo, amefumba macho. Mimi nilianza kuona haya. Miaka yote ile sikuwahi kumwuliza mteja hata mmoja anataka kusikia nini, wala anataka kuacha kusikia nini.

"Njo hii," akasema, yaani ndiyo hii. "Franga mingi iende ku masikio. Mashine, unipatie ya bei ya chini."

Za bei ya chini zilikuwa mbili. Akazigeuza huku na huku, kidole chake kikasimama juu ya maandishi kwenye kifuniko cha moja: ANTI-CHOC. Uso ukamfunguka.

"Ee Mungu wangu! Kumbe kuko mashine ya dawa ya choc!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na najuta hadi leo, maana mcheka kilema hafi bila kumfika. Nilipopata pumzi nikamweleza.

"Hapana, mama. Choc iko ya disque. Mashine ikitikisika, disque inaruka, wimbo inakatika. Hii inasoma mbele kidogo, inaweka wimbo ndani yake. Disque ikiruka, yeye anaendelea kuimba mpaka disque irudie pahali yake."

Hakukasirika. Alifikiri, akiifuta unga ile mashine kwa kitenge chake.

"Mwenzake akiruka, yeye anashika wimbo mpaka arudie," akasema. "Basi njo hii nilikuwa natafuta."

Sikuwa na uso wa kubishania bei.

Wiki zilizofuata mvua zilinyesha, na Mama Musoki hakukimbia. Mandazi yake yalianza kutoka rangi moja pande zote, na mimi nikajigamba sokoni kama daktari. Kisha Jumanne moja wingu likatanda. Alikuwa amenyanyua mwiko, akasimama ghafla.

"Mapile!" akapiga kelele. Alikuwa amesahau kununua betri. Akatupa mwiko, akakimbia, na mvua ikamkuta njiani.

Nililala vibaya. Kesho yake aliyesimama mbele ya meza yangu alikuwa Tharcisse mwenyewe, mashine mkononi.

"Unipatie mapile. Ilikufa jana, mvua iko katikati."

"Pole, kaka. Ulikimbia?"

"Nilifika ku mulango. Musoki akaingia, maji inamutoka. Akanivua écouteur, akashika wimbo kutokea pale ilikatikia. Aliimba mpaka mvua ikaisha." Akaanza kucheka, kicheko cha yule dereva wa zamani. "Anaimba mubaya, Abdoul! Mubaya sana! Lakini hakuruka hata neno moja."

Nilikuwa bado natafuta betri, machozi yakinisumbua, matone yalipoanza kugonga bati juu yetu. Kicheko cha Tharcisse kikakatika, akatazama juu. Nikamsukumia betri haraka, lakini hakuzitia. Aliziweka mfukoni, akatembea polepole zile hatua kumi hadi kwenye mandazi, na Mama Musoki, mwiko ukiwa bado ndani ya mafuta, alikuwa ameshaanza kuimba.