Atieno, Yule Mama wa Kona

Tangu Jumanne nasoma ujumbe wa bwana yake Atieno kila asubuhi, na bado nangoja mtu aandike kwamba ni mzaha. Presha. Jumatatu alasiri alikuwa akicheka na manesi, Jumanne hayupo. Yawa!

Kwa wale hamkumjua: Atieno alikuwa fundi wa vyuma pamoja nami kwenye workshop yetu hapa Awendo, miaka tisa. Kazi yake kubwa ilikuwa marking out. Unapewa drawing, unachora kwenye bamba la chuma mahali pa kukatwa, halafu wengine wanakata.

Naona mnapost picha za kazi zake. Meza, mageti, vifuniko vya mashine. Kila mtu ni "mikono ya dhahabu, mikono ya dhahabu". Wacha niseme ukweli: nasoma hizo comments na wivu unanichoma. Marehemu hajazikwa, na mimi nina wivu.

Mimi ndiye nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika nyundo pale. Watu walikuwa wakisimama mlangoni kunitazama. Halafu akaja huyu kutoka Homa Bay na begi lake la mgongoni, na kufikia Krismasi hakuna aliyenitazama tena.

Kilichonimaliza ni kona. Kona ya mviringo si mchezo. Unapima radius ile drawing imesema, unachora mistari miwili sambamba na kingo, inapokutana unagonga centre punch kuacha alama. Unaweka hapo mguu wa divider, ile bikari ya chuma, unazungusha.

Mviringo wangu ulikuwa ukifika ukingoni unaruka kidogo. Nafuta, napaka chaki tena, narudia. Wake ulitua kwenye mstari mara moja tu, na alikuwa akiimba nyimbo za kanisa huku anazungusha! Nilitamani akosee hata kidogo, ndiyo nimpende vizuri.

Kuna mteja alitoka Ntimaru na drawing ya kifuniko cha mashine ya kusaga. Akauliza, "Yule mama wa kona ako?"

Nikamwambia ametoka kidogo, lakini mimi niko. Akatafuta kiti. "Sawa, nitamngojea tu."

Rula yetu ya chuma imelika mwanzoni, kwa hivyo sisi hupima kuanzia kumi badala ya sifuri. Ukitaka arobaini, unafungua divider mpaka hamsini. Siku moja nikasahau. Atieno akapita nyuma yangu, akainama kama anaokota kitu, akaninong'oneza: "Sista, umeanzia kumi ukasahau kumi."

Hakuna mwanaume aliyesikia. Nilinuna siku nzima. Angenitangaza mbele ya watu, angalau ningepata sababu ya kumchukia.

Sasa lile ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mzee, mwenye workshop, alikuwa anatafuta foreman. Akatupa drawing moja sisi wawili, kila mtu na bamba lake: tundu la mraba katikati, kona nne za ndani, radius arobaini. Wote tulijua post ni ya Atieno. Hata mimi nilijua.

Siku hiyo binti yake, Vero, alikuwa na malaria nyumbani na simu haikunyamaza. Nikamwona anafungua divider kwenye rula. Mguu mmoja kwenye kumi. Mwingine kwenye arobaini.

Hiyo ni thelathini.

Akachora kona zote nne, safi kabisa, ila ndogo kuliko drawing. Na kona ya ndani ukiikata ndogo, umekula chuma ambacho kilifaa kubaki. Hakirudi.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilihitaji kuinama tu na kusema neno moja. Nikachukua brashi nikaanza kufagia meza yangu, ambayo ilikuwa safi.

Wakakata. Mzee akapima, akapima tena, akamtazama huyo mama Vero. "Aa, Min Vero! Hata wewe?"

Jioni nikawa foreman. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunipa mkono.

Baadaye tukiwa tunanawa akaniuliza polepole, bila hasira, "Sista, kwani hukuona?"

Nikamwambia sikuona.

"Sawa," akasema, akanipitishia sabuni. Hakuniuliza tena mpaka amekufa.

Tunamzika Jumamosi ya wiki ijayo, Ndhiwa, nyumbani kwa bwana yake. Jana huyo bwana amenipigia simu. Ameniomba niongee kwa niaba ya workshop, kwa sababu Atieno alikuwa akiwaambia nyumbani kwamba kona zote anazojua alifundishwa na mimi.

Mimi! Sikumfundisha hata moja.

Nimelia mpaka kichwa kinauma, na katikati ya kulia wivu ukarudi tena. Hata kwa roho nzuri amenishinda, na sasa siwezi kumfikia.

Siwezi kusimama mbele ya jeneza lake nikapokea hiyo sifa. Kwa hivyo naandika hapa leo, Mzee asome, bwana yake asome, Vero asome. Mkitaka mtu mwingine aongee siku hiyo, nitaelewa.

Atieno, niliona. Niliona kabla hawajakata.

Lala kwa amani, nyar Asumbi, binti wa Homa Bay. Foreman ulikuwa wewe.