Kinyonga Niliyemlisha Ili Kukhu Asife

Wiki iliyopita nilikuwa napunguza ua nyuma ya nyumba yangu hapa Kitale, upande wa kwenda Endebess, nikajikuta nimesimama na panga hewani. Kwenye tawi, karibu kabisa na mkono wangu, kinyonga alikuwa anajivua ngozi. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza maziwa, akachungulia juu ya ua akapiga nduru. "Wee! Ua hiyo kitu! Ati unaiangalia? Si itakurukia kwa nywele!" Nikamwomba anyamaze kidogo. Akaondoka akinung'unika kwamba watu waliosoma ndio wa kwanza kulogwa. Mimi nilibaki pale pale mpaka chai yangu ikapoa, maana mara ya mwisho kuliona jambo hilo kwa karibu hivyo nilikuwa mtoto wa darasa la pili, huko Malakisi, na nilikuwa nimemkabidhi kinyonga maisha ya nyanya yangu.

Ngoja nikueleze vizuri, rafiki yangu, usije ukaniona mwendawazimu.

Mwaka huo mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na baba, karani wa serikali hapa mjini, alikuwa hajui hata kuchemsha maji. Basi nikapelekwa kwa kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, nikaandikishwa shule ya huko. Malakisi ya siku hizo ilinuka tumbaku. Kila boma lilikuwa na banda la kukaushia, majani yametungwa kwenye vijiti kutoka chini mpaka darini, na harufu yake nzito ilikufuata hadi ndani ya blanketi. Niliipenda harufu hiyo kuliko sabuni. Nikitoka shule nilichambua maharagwe, nikafukuza kuku kwenye mtama, kisha nikakaa jikoni kumsikiliza kukhu akisonga ugali na kusimulia.

Hadithi iliyonikaa rohoni ni moja. Mtu mmoja wa zamani alikuwa anakula mbele ya nyumba yake. Kinyonga akaja akitetemeka kwa baridi na njaa, akaomba tonge moja tu. Yule mtu akamfukuza. Kinyonga akamwambia, haya, wewe na watoto wako mtakuwa mnakufa. Akaenda kwa nyoka. Nyoka akamkaribisha, akamgawia chakula, naye akambariki: wewe ukizeeka utavua ngozi na kuanza upya. "Ndiyo maana," kukhu alimalizia huku akilamba kidole chenye ute wa mboga ya mrenda, "sisi tunazikwa, na nyoka anabadilisha nguo tu."

Nilimchukia sana mtu huyo. Tonge moja, jamani! Tonge moja lingempunguzia nini?

Mvua za masika ziliposhika, kukhu akaanza kuugua. Miguu ilifura mpaka viatu vyake vya plastiki vikakataa kuingia. Akawa hawezi kutoka jikoni hadi kisimani bila kusimama kuvuta pumzi, mwanamke yule aliyekuwa akibeba mtungi na kuni kwa pamoja. Shangazi yangu akaja kumuuguza. Siku moja nikiwa nyuma ya banda nilimsikia mama wa boma la pili akimnong'oneza shangazi, "Huyu mama haoni mahindi mapya, bana. Mjitayarishe tu." Kwangu mimi kukhu hakuwa mtu wa kufa. Alikuwa kama mlima Elgon, kitu unachoamka asubuhi ukikikuta pale.

Nikafikiri kwa akili yangu ya kitoto. Kosa lilikuwa la chakula, basi litengenezwe kwa chakula. Kinyonga alinyimwa, sasa apewe, na mwenye kumpa awe mtoto wa watoto wa yule aliyemnyima. Kwetu hakuna mtoto aliyethubutu kumkaribia kinyonga. Tuliambiwa akikupanda hatoki mpaka ngurumo ipige. Hata hivyo nikaenda kwenye vichaka vilivyozunguka shamba la maharagwe, nikampata mmoja, mnene, ametulia. Nikamwekea tonge la ugali na mrenda juu ya jani. Jicho moja likaniangalia mimi, la pili likaangalia upande wa Uganda. Tonge hakuligusa.

Kwa bahati nzuri kumbikumbi walikuwa wameanza kutoka. Unajua raha ya kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi kidogo, wanavyopasuka chini ya meno. Shangazi aligawa kwa kiganja, na kabla hawajakaangwa nilikuwa naomba fungu langu wakiwa wazima, nikisema nataka kuchezea. Niliwapeleka wote kichakani. Wa kwanza alipotua tawini, sikuona kilichotokea. Niliona tu kumbikumbi hayupo, na kinyonga anatafuna polepole kama mzee kanisani mwenye peremende. Wa pili ndipo nikauona ulimi, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Nikarudi nyuma nikakaa matopeni. Nilipopata sauti nikamwambia, "Samahani. Yule mtu hakuwa na adabu. Kula ushibe, halafu umkumbuke kukhu."

Nikawa naenda kila jioni. Kisha ikafika siku kinyonga akakataa kula. Rangi ikamtoka, akawa wa majivu, ngozi imemlegea kama nguo ya kuazima, hata macho hayazunguki. Na juma hilo hilo kukhu akazidiwa, wakampakia kwenye lori la tumbaku kumpeleka hospitali ya Bungoma. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilijua nimeharibu kitu, ila sikujua ni kipi.

Asubuhi moja, jua limetoka baada ya mvua, nikaenda nikitarajia kumkuta amekufa. Nikakuta ngozi yake imepasuka begani. Ilikuwa inabanduka vipande vipande, nyeupe, nyepesi kama ganda la kitunguu, naye anajisugua tawini bila haraka. Na chini yake, ewe Mungu! Kijani ambacho sijakiona tena mahali popote. Magamba yote yalikuwa yamepangwa tayari: makubwa ya mgongoni yamefuatana kama shanga, madogo yamejaza katikati, na mengine madogo kuliko mbegu ya wimbi yamezunguka jicho. Nilitafuta sehemu ambayo haijaisha, nikaikosa. Siku zile zote nilizodhani anakufa, kumbe alikuwa anashonewa nguo nyingine ndani kwa ndani. Nilisahau shule. Nilisahau hata kulia.

Kukhu akarudi kutoka Bungoma amekonda, na dawa kwenye mfuko wa karatasi. Ule uvimbe ulikuwa umeshuka. Shangazi alimketisha kwenye mkeka juani, na nilipoinama kumsalimia nikaiona miguu yake. Ngozi ilikuwa inabanduka. Vipande vyeupe, kwenye kifundo na juu ya wayo, na chini yake ngozi laini inang'aa.

"Shangazi! Kukhu anajivua! Kinyonga amekubali!"

Shangazi akaangusha uteo na maharagwe yote. Ikabidi nieleze kila kitu, ugali, kumbikumbi, na ile samahani. Shangazi akasema nipelekwe kwa mchungaji nikaombewe. Kukhu alicheka mpaka akashika mbavu. Akafuta machozi, akaniuliza, "Ulimpa kumbikumbi wako?" Nikasema ndiyo. "Wote?" Nikasema wote. Hapo akaacha kucheka, akanivuta nikakaa karibu naye.

"Nipeleke nimwone," akasema baadaye.

Alikuwa akimwogopa kinyonga kama mtu mwingine yeyote. Tulienda polepole, yeye na fimbo yake, mimi mbele kama askari. Tukamkuta chini, pembeni mwa maharagwe, anachimba. Kumbe ule unene ulikuwa mayai. Aliyataga shimoni, akayafukia, akaukanyaga udongo ukashikana. Kisha akaondoka, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kugeuka.

"Ati ndio basi?" kukhu akauliza. "Anaenda?" Alikuwa mkunga, nusu ya watu wa kijiji wamepita mikononi mwake, na jambo hilo lilimuudhi kweli kweli. "Sasa nani atawapokea? Nani atawavisha?"

Swali hilo likawa letu sote wawili. Wakati wa palizi jembe likaligusa shimo na yai moja likapasuka. Ndani mlikuwa na kitoto kimejikunja, na ngozi yake ilikuwa tupu, laini kama utandu wa maziwa. Kukhu alikigeuza kwa kijiti. Mgongoni, ukiinama sana, uliona vipele vidogo vidogo kwa mistari, kama mtu aliyeanza kushona akaitwa. Tukayafukia yaliyobaki. Mwishoni mwa mwaka, mahindi yameshavunwa, ardhi pale ikapasuka na wakatoka, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole, wamekamilika. Magamba yote mahali pake, hata kwenye kope. "Wamevalia huko huko ndani," kukhu akasema kwa sauti ya chini, akaweka mkono mdomoni.

Mahindi mapya alikuwa ameshayala. Na yule jirani aliyemtabiria kifo alikuja kutusaidia kuyachoma, kukhu akampa hindi kubwa kuliko yote. Ila mimi kila asubuhi nilikuwa nauchunguza uso wake, nikingoja mikunjo ianguke. Haikuanguka.

Nikiwa sekondari hapa Kitale, mwalimu wetu wa bayolojia alituletea kuku aliyenyonyolewa. Akatuonyesha vipele ngozini. Akasema unyoya huanzia kwenye kipele kama hicho, yai likiwa bado halijaanguliwa, na gamba la mjusi huanzia hivyo hivyo, na unywele wa binadamu pia, tumboni mwa mama. Pale ngozi inakuwa nene kidogo, inainuka, halafu kila kiumbe kinafuata njia yake. Akasema nyoka na jamaa zake hutengeneza ngozi mpya yote chini ya ile kuukuu kabla ya kuivua, na kwamba hata sisi tunajivua kila siku, kidogo kidogo, bila kujua. Wenzangu walikuwa wanacheka wakimtazama kuku. Mimi niliuangalia mkono wangu, vinyweleo vimesimama, nikaogopa kwa namna ya kupendeza, kama unavyoogopa kanisani ukiwa peke yako. Nilikuwa nimekiona kipele hicho kwenye ncha ya kijiti cha kukhu.

Siku hizi ukienda Malakisi mabanda mengi yameanguka. Vichaka vimefyekwa, watu wameweka seng'enge. Kwa sababu ya dawa za kupuliza, hata kumbikumbi wamepungua, utawakuta wakiuzwa kwa kikombe sokoni Myanga kama vile ni dhahabu. Mtoto wa leo kinyonga anamjua kwenye simu.

Kukhu aliishi miaka mingi baada ya pale. Ugonjwa ulipomrudia nilikuwa nimeshaanza kazi, nikaomba ruhusa nikakaa naye. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyembamba, inakatika hata kwa mshono wa shuka, kwa hiyo asubuhi na jioni nilimpaka mafuta, taratibu, mkono baada ya mkono. Siku moja akafungua macho akatabasamu. "Wewe mukhana," akasema, ndivyo alivyoniita, msichana wake, "ulitaka nijivue kama nyoka."

"Nilitaka, kukhu. Hata sasa nataka."

"Ningekuwa na magamba ungenishika wapi?"

Niliendelea kupaka mpaka akalala. Tulimzika wiki iliyofuata. Nilipokuwa mtoto nilimwombea ngozi mpya, na nilimlisha kinyonga kwa moyo wangu wote ili aipate. Leo hii, rafiki yangu, ningeambiwa niombe, ningeomba ile ile kuukuu, na mikunjo yake yote, niipake mafuta mara moja tu.