Risasi Isiyo na Baruti

Msimamizi wa uwanja wetu wa shabaha hapa Thohoyandou ana mikono minene, lakini akishika bastola ndogo ya mtumba utadhani ameshika kifaranga. Huchungulia chemba ya risasi, kisha hukugeuzia nawe uchungulie, hata kama ni wewe uliyemwonyesha sasa hivi kwamba ni tupu. Jumamosi dada yangu Rofhiwa, anayefunga duka peke yake kila jioni, alitaka kununua bastola ya Bwana Nemukula. “Sikufichi, mwanangu, inapiga kushoto,” muuzaji alimwambia. Msimamizi akatugeuzia mgongo, akajaza risasi, katikati akachomeka moja isiyo na baruti, akampa Nemukula. Ilipofika zamu ya hiyo, mlio haukutoka, ila mtutu ulirukia kushoto vilevile. “Bastola nzima, baba,” msimamizi akasema. “Anayeshtuka ni wewe!” Tulicheka mpaka Nemukula mwenyewe akacheka. Akajaza tena vilevile, akampa dada yangu. Karatasi ya shabaha ikatoboka katikati. Kwa ile isiyo na baruti, mtutu haukutikisika hata kidogo. Msimamizi, ambaye hatujawahi kumsikia akimsifu mtu, alimtazama sana. “Wewe, mama aliyezaa mkono huu ni nani?” Rofhiwa akalitaja jina la mama yetu, na uwanja mzima ukasikia.