Firigisi ya Mwenyekiti

Selpher Kweyu hamwulizi mtu kama ana njaa. Ukiingia kwake, ghorofa ya pili, hapa mtaa wa Mowlem jijini, unaonyeshwa kiti, na kabla hamjamaliza kujuliana hali sahani iko mapajani mwako. Ndivyo alivyolelewa huko kijijini Khwisero. Kwao, kumwuliza mgeni kama atakula ni kumfukuza kwa adabu. Fundi wa bomba amekula kwake. Msoma mita amekula. Hata yule jamaa aliyetumwa kumkatia maji alikula kwanza, akashukuru, ndipo akashuka kwenda kukata.

Ana miaka hamsini na tisa. Miaka ya kwanza ya ndoa aliishi na mumewe Patrobas mtaa wa Ziwani, chumba kimoja, pazia katikati, shemeji upande wa pili. Baadaye wakahamia huku. Patrobas alifanya kazi kiwanda cha mabati mpaka kifua kikamshinda, na sasa ni miaka kumi na mmoja tangu tumzike. Mtoto wao wa pekee, Griffins, anaishi Kisumu na familia yake. Selpher ana kibanda cha mboga chini ya jengo letu: mrenda, saga, kunde, sukuma ya kukatiwa. Mimi naishi mlango wa pili kutoka kwake. Nafundisha Kiswahili na dini, na jengo zima huniita Mwalimu. Kwetu ni Butere, si mbali na kwao, kwa hiyo kuna mambo yake ambayo sihitaji kuelezwa.

Jumapili moja ya mwezi wa Machi, Bedan alikuja kumtengenezea kitasa. Bedan alikuwa seremala, mtu wa maneno mengi, mnene wa tumbo na mwembamba wa mikono. Alimaliza kitasa, akala chapati na maharagwe, akaomba chapati ya tatu, akaenda zake. Jumanne asubuhi akafa.

Miguu ya Bedan ilikuwa imevimba tangu mwaka juzi. Dawa za presha alizimeza siku alipokumbuka. Kathini, mkewe, aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hospitali iliandika ni moyo. Lakini karatasi ya hospitali haikufika kwenye foleni ya maji. Kilichofika ni chapati.

"Kwani alikula wapi mwisho?"

"Si kwa Mama Griffins."

"Aa."

Hakuna aliyemtuhumu. Sisi watu wa jengo moja hatutuhumu mtu, tunauliza tu. Wiki ya pili kuna aliyekumbuka kwamba Bedan alikuwa amegombana na Selpher juu ya mbao zake zilizoziba kibanda cha mboga. Wiki ya tatu mwingine akasema, kwa sauti ya kuhurumia, kwamba hata marehemu Patrobas alikuwa akila kwake. Alikuwa mumewe miaka ishirini na mitatu. Angekula wapi?

Mboga zake waliendelea kununua. Sukuma mbichi haikuwa na neno. Lakini chai yake ilianza kupoa vikombeni, na wanawake waliokuwa wakimwachia watoto saa ya mchana sasa walipita nao haraka wakiwashika mkono.

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika hukutana kila Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Tunasali rozari, tunasoma injili ya Jumapili inayofuata, mmoja anafafanua, kisha mwenye nyumba anatukaribisha mezani. Zamu ya Selpher ilipofika mwezi wa Aprili, ilirukwa. Ilipofika Julai, ikarukwa tena. Mwenyekiti wetu ni Ngigi, mzee wa Murang'a mwenye duka la misumari na rangi, mtu safi, mkavu, asiyependa mambo yasiyoeleweka. Katibu ni Millicent, ambaye hupenda sana mambo yasiyoeleweka.

"Tumeona tukupumzishe, mama," Millicent alimwambia mbele yangu, pale kibandani.

Selpher alikuwa akikata sukuma. Hakuinua macho. "Nimechoka kupumzishwa, Millicent. Niandike Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo ni kwa Wacera."

"Wacera atakuja kwangu ale. Niandike."

Millicent akaandika. Alipoondoka, Selpher akaniambia polepole, kama mtu anayesoma barua ya kortini, "Mwalimu, wasipokula siku hiyo, nitafunga kibanda nirudi nyumbani. Siwezi kuzeeka mahali ambapo watu wanaogopa sufuria yangu."

Nilimwambia watakula. Nilisema hivyo upesi mno, na nafikiri alisikia.

Kwa miaka kumi na minane nimewafundisha watoto habari za karamu. Nawaambia Ibrahimu alivyowakimbilia wageni watatu jua likiwaka, na Sara alivyokanda unga. Nawaambia kwamba katika hadithi za mababu, mtu akishakula chumvi yako hawezi tena kukuinulia mkono. Mtihani ukija, wanaandika: chakula ni ishara ya upendo na umoja. Nawapa alama. Lakini usiku wa kuamkia Jumamosi ile nilijiuliza kwa nini katika hadithi hizohizo karamu ndiyo hutegewa mtego, na kwa nini tonge la mwisho alilopewa msaliti alipewa kwa mkono, mezani, na mwenyeji mwenyewe. Labda watu hawakuanza kuombea chakula kwa sababu ya shukrani. Labda waliogopa. Walitazamana juu ya chungu, hakuna aliyetaka kuanza, mmoja akafumba macho akaomba, na wengine wakafuata. Wazo hilo halikunipendeza, nami sikuweza kuliondoa.

Jumamosi tulifika watu kumi na wanne, zaidi ya kawaida. Sikudhani wamekuja kusali. Niliona pia kitu ambacho sikuwahi kukiona katika jumuiya: kila mwanamke alikuwa na chupa yake ya maji.

Injili ilikuwa ile ya karamu iliyoandaliwa na walioalikwa wakakataa kuja, huyu akaenda shambani kwake, yule kwenye biashara yake. Hatukuichagua, ndiyo iliyopangwa kwa Jumapili hiyo, na zamu ya kufafanua ilikuwa yangu. Nilipomaliza kusoma, Ngigi aliniinamia.

"Mwalimu, hii umeitafuta wewe?"

"Ni ya kesho, Mwenyekiti. Angalia kalenda."

"Nitaangalia," akasema, na kweli akaitoa mfukoni akaiangalia.

Nilifafanua vizuri. Nasema hivyo bila majivuno. Nilisema mwenye karamu haumizwi na chakula kinachobaki, anaumizwa na viti vitupu. Selpher alisimama mlangoni mwa jikoni, leso kiunoni, akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Aliniamini.

Kisha akaja na birika na beseni, akapita akitunawisha. Kunawa tulinawa sote. Ni vigumu kumrudishia mtu maji aliyokwisha kukumiminia. Udhuru ukaanza kabla mikono haijakauka.

"Mimi leo nimefunga," akasema Millicent.

"Umefunga na nimekuona stejini na mahindi choma?" Wacera akamwuliza.

"Nimefunga baada ya mahindi."

Mwingine alikuwa na vidonda vya tumbo. Mwingine alikuwa ametoka kula sasa hivi kwa dadake huko Donholm, ameshiba mpaka hapa. Wacera mwenyewe alisema atakula, lakini aliweka mikono chini ya mkoba akaiacha huko.

Selpher alileta ugali wa wimbi, mboga za kienyeji, na jogoo mkubwa aliyempika tangu asubuhi. Harufu ilikuwa nzuri kiasi cha kutuaibisha. Akawapakulia wote, waliofunga na waliovimbiwa. Mwisho akatoka jikoni na kisahani kidogo kilichofunikwa kwa kingine, akakiweka mbele ya Ngigi kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo.

Ngigi akafunua. Ndani palikuwa na kipande kimoja.

"Hii ni nini?"

"Firigisi, Mwenyekiti."

"Ya nani?"

"Ni yako."

"Yangu peke yangu?"

"Peke yako," akasema Selpher, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikamwona akitabasamu.

Kwetu firigisi haipewi yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba asipokuwepo ni ya mgeni mkubwa kuliko wote. Mke aliyempelekea mumewe kuku bila firigisi alirudishwa kwao akaulizwe alimpa nani. Patrobas alipokuwa hai, hakuna mwingine aliyeigusa. Selpher alikuwa amempa Ngigi, mbele ya watu kumi na watatu, nafasi ya mumewe mezani. Wala hakueleza, kwa sababu heshima ikishaelezwa imegeuka kuwa ombi.

Lakini Ngigi ni mtu wa Murang'a. Kwao heshima iko kwenye mbuzi, kila kiungo na mwenyewe. Kuku ni kuku. Alichokiona yeye ni sahani kumi na nne zinazofanana, na kisahani kimoja kilichofunikwa kwa ajili yake tu. Alikitazama kile kipande. Akanitazama mimi.

Maneno matatu yangetosha. Ni heshima, Mwenyekiti. Niliyajua, nilikuwa nayo kwenye ulimi. Lakini kuna sauti iliyoniuliza: kwa nini yeye? Ndiye aliyeruka zamu ya Selpher mara mbili. Kama Selpher angetaka kumlipiza mtu mmoja katika chumba hiki, angekuwa nani? Na kama nikisema kula, naye akala? Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa na maneno ya Kathini kuhusu moyo, nilikuwa nimetoka kuhubiri habari za viti vitupu. Nikatazama chini.

Ngigi akakisukuma kisahani kwa kidole kimoja. "Wape watoto, mama," akasema kwa upole.

Sikuthubutu kumtazama Selpher usoni. Niliona miguu yake tu, ndala za buluu, zikiwa hazijasogea. Kisha mkono wake ukashuka, ukachukua firigisi, naye akaitia kinywani.

Mwanamke wa rika lake, aliyelelewa kule, hali firigisi. Hakuwahi kuionja maishani mwake. Ni nyama ngumu, haimezwi kwa haraka. Alisimama katikati ya sebule akitafuna, nasi tukamtazama wote, na Mungu anisamehe, tulikuwa tukingoja. Kutoka barabarani spika ya kanisa fulani ilikuwa ikikohoa, mtu akijaribu maikrofoni. Alitafuna mpaka akamaliza. Akafuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Mnakula," akasema, "ama niwafungie kwa karatasi mkatupe njiani?"

Wacera ndiye aliyetoa mikono chini ya mkoba kwanza. Akamega ugali, akachovya, akala. Akafuata Ngigi, uso umemwiva, asijue hasa amekosa nini ila kwamba amekosa. Halafu aliyekuwa na vidonda vya tumbo. Millicent alifungua mfungo wake kwa paja zima. Mimi nilikula katikati, si wa kwanza wala wa mwisho, nikihesabu kimyakimya kila tonge linavyoshuka.

Nilipopeleka vyombo jikoni nilimkuta ameegemea sinki.

"Mwalimu. Wewe ni mtu wa kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Uliijua ile ni nini."

"Niliijua."

"Ukanyamaza."

Alinipokonya sahani, si kwa hasira, akaanza kuosha.

Hakurudi Khwisero. Jumatatu Ngigi alinisimamisha karibu na duka lake akaniuliza kile kipande kilikuwa na maana gani, nami nikamweleza nilichopaswa kumweleza Jumamosi. Alivua kofia, akaivaa tena. Kabla wiki haijaisha alipanda ngazi za jengo letu na jogoo hai kwapani, na nikamsikia Selpher akicheka kupitia ukuta, akimwambia, "Huyu umemwiba wapi, Mwenyekiti, mbona ananuka rangi?" Zamu ya Selpher haijarukwa tena. Mwezi uliopita alipikia matanga ya watu mia mbili huko Umoja, na sufuria zilirudi tupu. Kathini mwenyewe alikuja kula.

Nami huingia kwake jioni nikitoka shule. Hanionyeshi uso mbaya. Ananivutia kiti, ananiuliza habari za madarasa, anamimina chai. Kisha, kabla ya kunipa kikombe, anakiinua, anakunywa funda moja, anameza, anasubiri kidogo akinitazama, ndipo ananikabidhi. Nilimwambia mara ya kwanza kwamba hakuna haja. Alisema, "Kunywa, Mwalimu." Hamfanyii Millicent hivyo. Ngigi hamfanyii. Nimechunguza.