Mlango Niliochelewa Kuufungua

Jumanne asubuhi nilipokea simu kutoka Bukavu. Alikuwa binti wa mwalimu mwenzangu wa zamani. "Tonton, maman amekufa jana," aliniambia, akiniita mjomba kama walivyozoea kwao. "Ni malaria njo ilimuuwa." Marehemu alifundisha darasa la kwanza katika shule ndogo ya wasichana ya huko nilikokwenda kujitolea, nikitoka Mwanza huku nikijiona nimebeba msaada mkubwa. Yeye ndiye aliyenizoesha Kiswahili cha kwao na vilima vyao, na Jumapili baada ya misa alinikaribisha nyumbani kwake kula ugali wa muhogo na sambaza, vidagaa vya ziwa la kwao.

Leo nawaandikia jambo ambalo sijapata kulisimulia kama lilivyokuwa. Asubuhi moja, vita vikiwa vimeufikia mji, risasi zililia barabarani chini ya shule. Tuliwalaza watoto sakafuni. Mwalimu akawahesabu kwa kidole, akakuta mmoja hayupo; alikuwa ameomba ruhusa kwenda chooni. "Bakia na batoto," aliniambia. "Funga mulango. Mi naenda kumutafuta." Nilifunga komeo, nikalishika kwa mikono miwili. Milio ilisogea hadi vumbi la dari likatuangukia. Kisha mlango ukagongwa. "Mwalimu, ni miye. Fungula."

Sikufungua. Sauti ya mwenzangu niliitambua vizuri kabisa. Niliwaza tu kwamba huenda nyuma yake kuna mtu mwenye bunduki, na kwamba nikifungua nitafia mbali na kwetu. Akagonga tena, polepole: "Mutoto iko huku na miye. Fungula, tafazali." Mtoto akaanza kulia, na hapo ndipo nilipofungua komeo. Waliingia wakitambaa, goti la mwalimu likivuja damu. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alimlaza mtoto kati ya wenzake, naye akalala kando yao.

Milio ilipotulia, nilipata nafasi ya kuvuka mpaka kwenda Rwanda. Alinisindikiza, na njiani nikamwomba msamaha. "Nilijua uko naogopa," alisema. "Hata miye, kama ningekuwa ndani, sijui kama ningefungula haraka." Tulipokaribia mpaka akaongeza: "Lakini usiende kusema kwenu eti weye njo ulitulinda."

Nilikwenda nikasema hivyo hivyo. Kanisani, shuleni, hata katika safu hii, nilieleza jinsi nilivyoshikilia mlango watoto wakiwa ndani, na watu wakanipigia makofi. Yeye aliendelea kufundisha huko huko, akiiamkia hofu ile ile kila siku na kuingia nayo darasani, mpaka ugonjwa ulipomlaza. Sisi tunaokwenda kujitolea tuna pasipoti mfukoni. Hofu ikituzidi tunaondoka, kisha tunasimulia habari za wenyeji tukijiweka sisi katikati. Hofu yenyewe sioni aibu nayo tena, na mwalimu aliisamehe siku ile ile. Uongo wangu hakuwahi kuujua, nami sikupata ujasiri wa kumpigia simu nimwambie. Wasomaji wangu mnaojiandaa kwenda kujitolea, mkirudi semeni ukweli nani alimlinda nani, na mseme wakati aliyewalinda bado yu hai.