Chaja ya Matundu Matano

Bora niisimulie mwenyewe, maana watu wa Mpuguso wanaisimulia kila siku ya soko na kila mara wanaiongezea chumvi. Ni kweli mdogo wangu Atupele alikwama mlimani akiwa na shela kichwani, saa ya ndoa yake ikikaribia. Ni kweli pia kwamba aliyesababisha ni mimi, kaka yake wa kuzaliwa, mwalimu wa fizikia, mtu anayelipwa mshahara kuwafundisha watoto wa watu habari za umeme.

Ilianzia kwenye kamati ya harusi. Bwana harusi ana kaka yake anaitwa Gwakisa, anaishi Mbeya, na ana gari la kifahari la umeme, jeupe, refu, lisilo na mngurumo hata kidogo, na alikuwa amekubali limpeleke bibi harusi kanisani. Kamati ikafurahi, halafu mama mmoja akauliza gari la namna hiyo litachajiwa wapi huku kwetu Kisondela. Nikasimama (ningebaki nimekaa, leo msingekuwa na cha kusikiliza) nikawaeleza taratibu, kama ninavyofanya darasani, kwamba umeme ni uleule unaochemsha chai, na kwamba rafiki yangu pale Tukuyu mjini ana kigari kidogo cha umeme kilichotoka Japani, chaja yake inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, basi nitaiazima. Wakanipigia makofi, na mimi makofi huwa yananiharibu.

Siku mbili kabla ya harusi Gwakisa akanipigia simu kuuliza kama abebe chaja yake. "Shemeji, una uhakika hiyo yako inaingia kwenye gari langu?" Nikamweleza kwa dakika kumi jinsi chaja inavyofanya kazi, nikaeleza vizuri kabisa, ila swali lake sikulijibu. Mwisho nikamwambia aiache, nafasi ya kwenye buti apakie makreti ya soda. Hilo ndilo kosa lote, sentensi moja tu ya kwenye simu.

Jumamosi saa mbili asubuhi gari likaingia nyumbani, betri ikiwa imebaki asilimia kumi na mbili kwa sababu ya milima ya njiani. Ndoa ilikuwa saa nane mchana, kwa hiyo muda wa kuchaji ulikuwepo, na kwa kuwa muda ulikuwepo nikaona si vibaya majirani waonje kidogo. Nikawapandisha shangazi zangu, wakashuka wakapanda wanakwaya, wakafuata wazee wawili waliotaka kuhakikisha kwamba kweli haliungurumi, tukawa tunashuka hadi mtoni na kupanda tena, na kila Gwakisa alipotazama kioo kinachoonyesha betri nilimpiga begani nikamwambia asiwe na wasiwasi, chaja ipo ndani.

Saa nne nikaitoa chaja, nikafungua kifuniko cha mahali pa kuchajia, nikasukuma kichwa cha waya. Hakikuingia. Nikakigeuza, nikakipuliza vumbi, nikasukuma tena. Ndipo nikafanya jambo ambalo mtoto wa kidato cha kwanza angelifanya mwanzoni: nikahesabu. Kichwa cha chaja kilikuwa na matundu matano, gari la Gwakisa lilikuwa na pini saba.

Chaja yake alikuwa ameiacha ofisini, na mwenye funguo alikuwa safarini. Betri ilikuwa asilimia nne. Hapo mtu mwenye busara angesema tutafute gari jingine, lakini mimi nilichukua karatasi nikapiga hesabu, nikaona tukienda polepole na bila kiyoyozi tutafika kanisani kule mjini, na Gwakisa, kwa adabu ya ushemeji, akakubali. Saa saba magari mengine yakatangulia na wageni, Atupele akapanda nyuma, mimi na Gwakisa mbele, tukafuata. (Kwenye hesabu yangu nilisahau kwamba kwenda Tukuyu ni kupanda.)

Likafia mlimani, karibu na soko la Mpuguso. Kwanza lilitambaa kama kobe, kisha likasimama kabisa, na kwa kuwa ilikuwa siku ya soko tulizungukwa kabla sijafungua mlango. Dereva mmoja wa bodaboda akauliza kama tumejaribu kulinywesha uji. Mwenye duka la vifaa vya umeme akatoka na waya mrefu, akaniambia nikikate kichwa cha chaja, nyaya tutazibana kwa njiti za kiberiti kama tunavyofanya na redio.

Sasa hilo sikuweza kuliacha lipite. Nikaiinua chaja juu watu waone, nikawaeleza kwa nini haiwezekani, na bibi mmoja muuza ndizi akauliza vile vitundu viwili vidogo ni vya nini. Ndugu zangu, swali zuri lina utamu wake. Nikamwambia vile vikubwa vitatu ni njia ya umeme na usalama wake, ila vile vidogo ni vya salamu: gari na chaja lazima visalimiane kwanza, viulizane nguvu, vikiridhishana ndipo gari linakubali kupokea umeme, na ukibana nyaya kwa njiti gari halisikii salamu yoyote.

"Ndaga, mwalimu, nimeelewa," akasema bibi, akinishukuru kwa Kinyakyusa. "Hata mimi mtu asiponisalimia simuuzii."

Watu wakacheka, nikapata moyo, nikaanza kueleza zile pini mbili za ziada. Ndipo kioo cha nyuma kikashuka.

"Kaka," akasema Atupele, kwa sauti ya chini kabisa, "mchungaji ana ndoa nyingine saa tisa. Naomba niolewe kwanza, darasa utaendelea nalo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mmoja mwenye pikapu ya parachichi ndiye aliyetuokoa, akapangusa kiti cha mbele kwa khanga yake, Atupele akakunja gauni akapanda, nami nikaning'inia nyuma juu ya makreti ya parachichi, nimeikumbatia chaja ya watu, huku Gwakisa akibaki kulinda gari lake.

Tulifika saa nane na nusu. Maharusi wa saa tisa walikuwa wameshajipanga nje. Mchungaji akatazama saa yake, akamtazama Atupele, akasema waingie, mahubiri atayafupisha, na ndoa ikafungwa.

Jioni ukumbini tulipoitwa ndugu kulishwa keki, nilimwinamia mdogo wangu nikaanza kusema, "Unajua, tatizo la zile pini..." Akanijaza kipande kikubwa mdomoni.

"Tafuna, kaka," akasema.

Nikatafuna. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama kitu fulani kinaingia kwenye kitu fulani, namwambia sijui, twende tukajaribu, na mpaka tumalize kujaribu sifungui mdomo.