Verlon na Jiko Lililozama

Kama wivu ungekuwa unatiwa kwenye tangi la mafuta, Verlon Tidmore asingekuwa na mpinzani Alabama nzima. Shida ni kwamba wivu aliubeba kifuani, na boti yake ilikuwa ikinywa petroli kama boti za watu wengine.

Jirani yangu huyu alitumia ujana wake kurekebisha mashine za kiwanda cha kuku, akastaafu na magoti mabovu, mke anayeitwa Ouida, na boti ya kuvulia besi inayong'aa kama jeneza la tajiri. Besi ni samaki mwenye mdomo mpana kuliko wa mchungaji wetu, na heshima yao inakaribiana: Jumapili ya mchungaji, Jumamosi ya besi.

Aliyemtafuna Verlon roho ni Rayburn Scoggins, kaka wa Ouida. Mzee mzima, mpole, fundi wa viyoyozi, hana neno na mtu. Hilo nalo Verlon hakumsamehe.

Kwenye mashindano ya Jumamosi boti zinaombewa dua, kisha zinaachiwa moja moja, kila mtu akitimka kwenda mahali pake; jioni samaki wanapimwa, na mwenye mzigo mzito ndiye mshindi. Sheria haijaandikwa popote lakini hata walevi wanaifuata: aliyetangulia kusimama, pamekuwa pake, na wengine watakaa mbali mpaka aondoke mwenyewe. Sasa, mahali patamu kuliko pote ni msingi wa nyumba ya babu yake Verlon, iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa. Jiko la mawe bado limesimama huko chini, na besi wamejaa humo kama wakwe siku ya sikukuu. Tangu nikiwa mtoto panaitwa Jiko la Tidmore.

Kisha Rayburn akanunua boti. Ikawa kila Jumamosi anatangulia, na akitangulia anashinda. Mwezi wa nne, pale kibandani kwa muuza chambo, mtu mmoja akasema bila kufikiri, "Naskia besi wamechachamaa kweli pale Jiko la Rayburn."

Verlon akaacha karanga zake za kuchemsha mezani akatoka. Kwetu mtu haachi karanga mezani.

"Babu yangu alizaliwa jikoni mle!" aliniambia. "Leo jina lake linafutwa na mtu wa viyoyozi! Akishinda tena mashindano makubwa ya mwezi wa tano, basi, jina lake limeshaganda pale. Njoo ushike tochi."

Tukalala chali chini ya boti. Aliweka rula ndefu ya chuma kwenye tumbo la boti, mimi nikamulika upande wa pili.

"Unaona mwanga unapita?"

"Kidogo."

"Basi hapo ndipo penye dhambi. Pamebonyea, maji yananishika shati."

Akajaza, akapiga msasa, akajaza tena. Ukingo wa nyuma akauchonga mpaka ungeweza kukatia nyanya. Mashine akaipandisha juu kidogo, propela ibaki inauma maji ya juujuu tu. Halafu propela yenyewe tukaipeleka kwa Bi Lurleen, mama anayekunja na kunoa mapanga ya propela kwa nyundo.

"Nataka kama ya Rayburn," Verlon akasema.

"Baba, propela ni kama meno ya bandia. Ya mwenzako yatakuchubua."

"Basi nitengenezee yangu, lakini iwe bora kuliko ya Rayburn."

Lurleen akanitazama. Nikatazama dari.

Boti ikapata mbio, kweli. Ila Verlon alitaka zaidi, akaanza kupunguza uzito. Akatoa nanga. Akatoa matakia. Biblia ya Ouida aliipima mkononi, akasita, akairudisha. Mwisho akang'oa betri kubwa za ile mota ndogo ya umeme ya mbele, akaweka vibetri ambavyo ungedhani ni vya pikipiki ya mtoto.

"Si mota hiyo ndiyo inayotushikilia mahali upepo ukivuma?" nikauliza.

"Upepo gani? Wewe umekula nini asubuhi?"

"Mikate miwili na mchuzi wa soseji."

"Miwili! Rayburn amekulipa?"

Siku ya mashindano Rayburn aliachiwa mbele yetu. Verlon akaifungulia boti. Pua ikanyanyuka, tumbo likaacha maji, nikaanza kusali dua za madhehebu nisiyoyajua. Tulimpita shemeji yake karibu na daraja. Rayburn akapunga mkono. Verlon akasaga meno: "Ona, anajifanya hajali!"

Tukafika wa kwanza. Akasimama juu ya jiko la babu yake, akavua kofia. Akarusha chambo mara moja, mara mbili, na upepo ukaja.

Mota ya mbele ikalia kama mbu, ikakohoa, ikanyamaza. Boti yetu, nyepesi, laini, iliyopigwa msasa kwa mapenzi, ikaanza kuteleza. Mashine kubwa ingewatimua besi, basi nilipiga kafi. Verlon akapiga maji kwa mikono. Rayburn alikuwa amezima mashine yake kwa mbali, anangoja kistaarabu, kama sheria inavyotaka.

"Shemeji!" akaita. "Nikurushie kamba? Ujifunge kwangu, tuvue wote!"

"Kamba kajinyongee!"

"Haya. Basi unaondoka?"

"Siondoki!"

"Naona unaondoka, shemeji."

Tulikuwa tumeshafika kwenye magugu.

Jioni Rayburn alipanda jukwaani na mfuko wa besi uliomkunja mgongo. Mwenye mizani, kwa kutania tu, maana hakuna mvuvi anayejibu swali hilo, akamuuliza kwenye kipaza sauti, "Umewatoa wapi hawa, mzee?"

Nilimwona Verlon akifumba macho.

"Nimewatoa Jiko la Tidmore," Rayburn akasema. "Na wenyewe ndio waliotangulia kufika leo. Mimi nimeokota makombo."

Watu wakapiga makofi, wakageuka kumtazama Verlon. Jina limerudi, mbele ya kadamnasi. Ouida akafuta machozi: "Unaona kaka yangu alivyo muungwana?"

Verlon akaitikia kwa kichwa, uso umemwiva kama kamba wa kuchemsha. Tulipofika kwake akashusha betri kubwa kutoka rafuni, akazibusu, akazirudisha botini. Nikadhani amepona.

"Kunipa jina langu mwenyewe!" akalipuka. "Mbele ya watu! Hata kwenye wema ananipita!"

Akanipima kwa macho, kuanzia kiatu mpaka kofia.

"Kama betri zinabaki," akasema taratibu, "wewe una uzito gani, jirani?"